Mkopo bado na chuo kinafungua
Dada ulouliza kama umzuie mtoto nyumbani kwa vile jina lake halimo kwenye awamu ya mwanzo ya mkopo wa kusomea chuo, usimzuie! Majina hutoka kwa awamu, wa kwangu hakuwemo ya kwanza wala ya pili nikalia wallahi, kumbe jina la babu kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwa tofauti na la cheti cha fomu foo, tukarekebisha, tukakata rufaa, akapata. Kwa hiyo aingie kwenye akaunti yake ya maombi ya mkopo sasa hivi aone kama kuna kitu kimekosekana, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe hapahapa Zanzibar, RITA, ile ofisi ya vyeti vya kuzaliwa, ni ya wenzetu wa bara. Rufaa ikifunguliwa haikai sana, muwe macho. Chuoni aombe kulipa ada kidogokidogo, tena kwa barua. Dahalia, yaani pa kulala chuoni, ndo inoumiza, hapo mtafutieni jamaa ampokee japo miezi miwili. Na mwambieni ukweli wa pesa mlonayo, sie tulimficha akaja kusikia kwa jirani kuwa babake kauza vespa, akataka kuacha chuo, roho iliniuma sana.