Mkuu, usilipe hiyo kadi ya picha kabla hujajua unene wake

Umesema umebakiza kumalizia hela Ijumaa. Usiimalizie. Umeandika kwamba kasha lako la kompyuta ni la lita nane, lile la kisandwichi ambalo ubao mama (motherboard) unakaa upande huu na kadi ya picha inakaa mgongoni kwake upande wa pili, na kwamba muuzaji amekuhakikishia kadi ya RTX 3070 ya feni tatu itaingia kwa sababu "ina urefu wa milimita 290 na kasha linapokea 295". Nilipofika kwenye sentensi hiyo tumbo lilinikata. Maneno hayohayo niliambiwa mimi mwaka 2023, nimesimama dukani Kariakoo, hela zipo mfukoni.

Ina unene gani? Nataka namba, kwa milimita. Achana na feni ngapi, achana na "ni ya kawaida hii, inaingia popote".

Nakueleza kwa nini. Kule nyuma ya kompyuta, kadi inakaa kwenye zile nafasi za kuchomekea, na kila nafasi moja ni milimita 20.32. Makasha mengi ya kisandwichi ya lita saba, nane, tisa yametengewa nafasi mbili tu, yaani milimita 40 na ushee, na baada ya hapo unakutana na bati la ubavuni. Kadi nyingi za feni tatu zimevimba zinafika 50 na zaidi. Kwenye maelezo utakuta wameandika nafasi 2.5, au 2.7, na ukisoma harakaharaka unaona kama ni mbili na kidogo. Hiyo "kidogo" ndiyo iliyonila mimi. Kasha la nafasi mbili halina hiyo nusu ya kukuongezea, mkuu.

Mimi kasha niliagiza China kupitia wakala wa mizigo, kwa meli. Likiwa bado baharini nikaona kadi inauzwa 1,150,000, mtumba safi, na muuzaji anasema kuna wateja wawili wanakuja jioni. Nikampa vipimo vya kasha. Akatoa futi kamba, akaivuta kutoka mwanzo wa kadi hadi mwisho, akanionyesha: milimita 300, na kasha langu linapokea 305. "Inaingia na inabaki, kaka." Hakuilaza ile kadi ubavu hata mara moja. Warranti alinipa wiki mbili. Kasha lilifika wiki ya saba.

Usiku ule nikaanza kufunga. Kadi ikaingia kwa urefu, nikafurahi, kwa mbele ilibaki nafasi ya kupitisha kidole. Skrubu mbili za nyuma zikakaa. Nikachukua bati la ubavuni nilifunge, halikufunga. Nikadhani ni waya, nikapanga waya upya. Nikasukuma. Bati likabaki limesimama upande kama mlango wa mbao uliovimba wakati wa masika. Ndipo nikachukua rula ya mwanangu ya shuleni. Nafasi, milimita 41. Kadi, 52. Nilikaa chini sakafuni nikaziangalia zile 11 kwa muda mrefu.

Hapo ningeacha, ningeuza kadi, ningepoteza labda laki mbili, yakaisha. Sikuacha, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu najua utakachofikiria saa sita usiku, kasha jipya mezani na mlango haufungi. Utafikiria kuvua lile kava la plastiki la feni ili kadi ipungue. Mimi nilivua. Skrubu nane ndogo kama punje za mchele. Waya wa feni ulikuwa umechomekwa kwenye kisoketi cheupe kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, nami nikauvuta kwa kushika waya badala ya kushika kichwa chake. Kisoketi kizima kikang'oka kwenye kadi. Kilitoka na miguu yake minne ya shaba, na pale kilipokuwa pakabaki alama nne zinazong'aa.

Nikafunga feni mbili nyembamba kwa nje ya bati kwa vifungo vya plastiki. Kasha likafungwa, ndiyo. Kompyuta ikawaka. Lakini hewa ya feni za nje inapita kwenye vitundu vya bati kwanza, na chumba changu mchana ni nyuzi 32 hata kabla sijawasha chochote. Kwenye gemu kadi ilikuwa inapanda hadi nyuzi 83 ndani ya dakika chache, inajipunguza kasi yenyewe, picha zinakwamakwama. Mwezi wa pili madoa ya kijani yakaanza kutokea kwenye skrini. Fundi aliniambia memori zimepikwa. Niliiuza kwa spea, 180,000. Piga hesabu mwenyewe.

Yule muuzaji nilimrudia. Akaniambia tatizo ni kasha langu. Mtu anayeuza kadi za picha kila siku, anajua kabisa kwamba watu sasa wanajenga makompyuta madogo, anashindwaje kuilaza kadi ubavu na kuipima? Inachukua sekunde tano! Na yupo mwingine aliyenipoteza zaidi yake, jamaa mmoja wa video mtandaoni, ambaye alionyesha kasha kama langu na kadi ya feni tatu ndani, muziki mzuri, taa nzuri. Baadaye niliirudia ile video kwa hasira, nikaisimamisha kila hatua. Hakuna mahali anapofunga bati la upande wa kadi. Limefunguliwa, limefunguliwa, halafu picha inakatika na kasha limefungwa, limepigwa kutoka upande wa pili. Watu tunatoa mshahara wa miezi kwa kuamini picha kama hizo.

Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye RTX 3070, tafuta ile iliyotengenezwa na NVIDIA wenyewe, wabunifu wa chipu yake. Urefu wake ni milimita 242, upana 112, na ni ya nafasi mbili kamili. Au shuka kwenye RTX 4060 ya feni mbili, lakini isome namba yake nayo, maana zipo nene. Ile inakula wati 115 wakati 3070 inakula 220, na kwenye kiboksi kidogo kwenye joto la Dar hizo wati 105 za tofauti utazisikia kwa mkono. Kama huwezi kuachana na kadi ya feni tatu, basi badili kasha. Cooler Master NR200 ni ya lita 18, inameza nafasi tatu, na bado inakaa mezani bila kuleta fujo.

Ukishapata unene, angalia pia upana, yaani kutoka ukingo wa chini unaochomekwa hadi ukingo wa juu. Soketi za umeme zipo kwenye ukingo wa juu wa kadi, na waya unahitaji kama vidole viwili kabla haujakunjwa. Kadi ya upana wa 140 ndani ya kasha jembamba inaweza kukugomea hapo hata kama unene umepita.

Pawa saplai iwe SFX ya kawaida, ile saizi ndogo ya makasha madogo, milimita 125 kwa 63.5 kwa 100. Ukipewa SFX-L ina kina cha 130, na kwenye kasha lako hizo 30 ndiyo njia ya waya zako. Prosesa chukua Ryzen 5 5600, wati 65, maliza. Na ule waya wa raiza unaounganisha kadi na ubao mama, kama ni wa kizazi cha tatu cha PCIe (njia ambayo kadi inawasiliana na ubao) na ubao wako ni wa nne, kwanza chomeka kadi moja kwa moja kwenye ubao mama bila raiza, ingia kwenye BIOS, ile mipangilio ya ubao, uiweke ya tatu, ndipo ufunge raiza, la sivyo unaweza kuwasha ukakuta skrini nyeusi ukadhani umeua kitu.

Lakini narudi kwenye kadi. Kesho ukitoka kazini pita pale dukani na rula. Mwambie muuzaji ailaze mezani feni zikiangalia juu, pima kutoka mezani hadi kwenye plastiki ya juu kabisa, halafu fungua ukurasa wa waliotengeneza kasha lako uone wanaruhusu ngapi. Akikataa kukupa kadi uipime, ondoka na hela yako. Namba zote mbili ziandike hapa, nitakuwepo.