Mashine ya kukata ukoka: anza na kisu kabla ya kulaumu injini

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mashine umenunua ya mtumba, majani ukishayakata yanabaki na ncha nyeupe zinazogeuka kahawia kesho yake, na tangu ilipogonga jiwe wiki iliyopita haitaki kuwaka: ukivuta kamba inakunyang'anya mkono. Fundi kakwambia kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, imekufa, ununue nyingine. Tafadhali usinunue bado.

Mimi huu ni mwaka wa 11 nakata majani hapa Moshi, uwanja wa shule na bustani za nyumba za wageni. Kosa unalotaka kulifanya nimeshalifanya. Mashine yangu iligonga kisiki cha mparachichi kilichofunikwa na majani, ikazima papo hapo, na ikawa na tabia hiyo hiyo ya kurudisha kamba. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi, wa pili akaniuzia kabureta mpya, nayo haikusaidia kitu. Wa tatu alifungua flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya injini, akanionyesha kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia mahali pake, kimekatika katikati. Hiyo ndiyo kii ya flaiwili, na ninaamini kwako ni hiyo hiyo.

Ili uelewe kwa nini, angalia mashine yenyewe ilivyo. Kati ya injini na kisu hakuna gia wala mkanda. Krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imesimama wima, inashuka kutoka kwenye injini, na kisu kimefungwa kwenye ncha yake ya chini kwa bolti. Juu ya krenki hiyo hiyo ndipo inapokaa flaiwili yenye sumaku, na sumaku inapopita mbele ya koili ndipo plagi inapopiga cheche. Kwa hiyo kisu kikigonga kitu kigumu, krenki inasimama ghafla lakini flaiwili ni nzito, inataka kuendelea kuzunguka. Kii imetengenezwa kwa chuma laini makusudi ili iumie yenyewe na krenki ipone. Ikikatika au ikipinda hata kidogo, flaiwili inahama mahali pake na cheche inapiga wakati pistoni haijafika inapotakiwa. Plagi nzima, petroli ipo, na bado injini inagoma au inapiga nyuma.

Fungua nati ya flaiwili, uitoe kwa pula, kile kifaa cha kuvutia. Usiipige nyundo kwenye kichwa cha krenki wala usiinyanyue kwa kuchokonoa mapezi yake, yatavunjika. Kii mpya ni bei ndogo. Ukikuta fundi anakuchongea msumari uwe kii, mkatalie kabisa. Msumari hautakatika siku ya jiwe lingine, na pigo lote litakwenda kwenye krenki. Ukiwa hapo hapo, chomoa plagi, vuta kamba taratibu, mwenzako aangalie ile bolti ya kisu kutoka pembeni. Ikiyumba, krenki imepinda. Krenki iliyopinda hainyooshwi, mkuu, na usikubali mtu akuambie inawezekana.

Sasa hizo ncha za kahawia. Mashine za silinda, zile alizobuni Mwingereza Edwin Budding mwaka 1830, zinakata kama mkasi: jani linabanwa kati ya vyuma viwili. Hii yetu inakata kama panga. Hakuna kinachoshikilia jani, kinachokata ni mwendo. Kisu cha sentimita 53 kikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ncha yake inakimbia karibu mita 83 kwa sekunde, yaani kama kilomita 300 kwa saa. Kwa mwendo huo hata kisu butu kitaondoa majani, ila kitayachana badala ya kuyakata, na jani lililochanika linakauka kuanzia kwenye jeraha. Kwa hiyo ukoka wako hauumwi, tatizo ni makali.

Kabla ya kugusa kisu, chomoa waya wa plagi uuweke mbali. Hili usilifanyie mzaha, ukizungusha kisu kwa mkono unazungusha injini. Halafu laza mashine upande ambao kabureta na chujio la hewa vinabaki juu, la sivyo oili itaingia kwenye chujio na utakuja kulia moshi mweupe. Zuia kisu kwa kipande cha mbao, fungua bolti, noa kwa tupa ukifuata mteremko uleule wa kiwandani, takriban nyuzi 30. Usitafute makali ya wembe, yanajikunja mara moja. Yakiwa kama ya kisu cha kupakia siagi yanatosha.

Baada ya kunoa, tundika kisu kwenye msumari ukutani kupitia tundu lake la katikati. Upande ukishuka ndio mzito, upige tupa zaidi hadi kisu kitulie sawa. Watu wengi wanairuka hatua hii, kisha wanalalamika mikono inakufa ganzi. Kisu kisicholingana kinatikisa mashine nzima, kinalegeza bolti na kula beringi. Ukikirudisha, yale mabawa yaliyokunjwa kwenye ncha yaangalie juu, upande wa injini. Mabawa hayo ndiyo feni: yanavuta hewa, yanasimamisha majani yakatwe, kisha yanayasukuma kwenye mdomo wa kutolea. Ndiyo maana majani mabichi yakiganda chini ya bodi, upepo unakufa na mashine inaacha mistari isiyokatwa. Kwangua kwa kijiti kila ukimaliza.

Kuhusu oili, vitabu vingi vya mashine hizi vimeandikwa kwa nchi ambazo majira ya baridi nyasi hazikui, vinasema badilisha kila msimu. Hapa kwetu masika na vuli unakata kila wiki, na kiangazi bado kuna wanaomwagilia. Hesabu saa za kazi. Mashine mpya badilisha oili baada ya saa 5 za kwanza, kisha kila saa 50, na mimi kwenye vumbi la Januari nabadilisha kila 25. Tumia oili ya SAE 30 (hicho ni kipimo cha uzito wa oili), pima kwa kijiti, usizidishe. Chujio la karatasi ligonge taratibu kwenye kitu kigumu. Usilioshe kwa petroli wala kulipuliza kwa kompresa. La sponji lioshe kwa sabuni, likauke vizuri, ulipake oili kidogo. Petroli iliyokaa tangini zaidi ya mwezi imwage, inaacha utomvu unaoziba tundu dogo la kabureta.

Unapokata majani, gesi (mwendo wa injini) iwe juu kabisa, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja. Kwenye mteremko sukuma kwa kukatiza, usipande na kushuka.

Jambo moja linaniuma. Umeandika kwamba yule aliyekuuzia alifunga lile komeo la mpini kwa mpira wa tairi, ili usichoke kulishika. Ukate mpira huo leo. Ukiliachia komeo, injini inatakiwa izime na breki ishike kisu; Marekani sheria inataka kisu kisimame ndani ya sekunde 3, tangu 1982. Nimeona mguu wa kijana aliyeteleza kwenye majani yenye umande, mashine yake imefungwa mpira vilevile. Alikuwa amevaa kandambili. Alipoteza vidole viwili.

Ukifungua flaiwili, piga picha mfereji wa kii kabla hujagusa chochote, uiweke hapa tuione pamoja.