Kibodi inawaka bluu tu, nibadilishe vipi?

Ndugu, umesema kibodi yako inawaka bluu tu na unataka kila kitufe kiwe na rangi yake. Kabla ya kupakua chochote, hakikisha taa zake ni za RGB, yaani zinachanganya nyekundu, kijani na bluu. Kama ziliundwa za bluu pekee, hakuna programu itakayozibadilisha, usijichoshe bure.

Zikiwa za RGB, shikilia kitufe cha Fn kisha bonyeza kitufe chenye alama ya taa. Kibodi nyingi hubadilika hapo hapo. Kupanga kitufe kimoja kimoja kwa kawaida huhitaji programu ya mtengenezaji: Razer wana Synapse, Logitech wana G HUB. Mimi napenda OpenRGB kwa kuwa ni ya bure na hutumika na kampuni nyingi, ila angalia kwanza kama modeli yako imo.

Ikishindikana, badilisha vifuniko vya vitufe, uweke vya rangi unazotaka. Vya plastiki ya PBT havichakai na kung'aa upesi kama vya ABS, aina nyingine ya plastiki. Ukitaka mwanga uonekane, chagua vyenye herufi zinazoupitisha. Vya laptopu usiving'oe tafadhali, vishikizo vyake huvunjika kirahisi mno.