Rangi bila kununua rangi

Dadangu, mtoto wa miaka 3 kuita kila kitu "nyekundu" ni kawaida kabisa, usimkaripie. Ili kumzoesha rangi kwa mchezo, kanda unga wa ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, mafuta kijiko na maji ya kiasi. Donge moja litie bizari ya manjano (ya soko la Marikiti hukoza sana), la pili maji ya mchicha uliosagwa. Anza na hizo mbili tu. Watu hutoa rangi saba kwa mpigo, mtoto akavurugika. Mwache afinyange mahamri ya kuuza, wewe uwe mteja: "Nipe mawili ya manjano." Akikupa ya kijani, sema tu "haya ya kijani," kisha omba tena. Akishazoea, lile donge la bizari litie wewe mwenyewe magadi kidogo, aone linavyogeuka jekundu la udongo. Wangu walipiga kelele nyumba nzima! Angalia tu asile, chumvi ni nyingi mno. Vipande vya leso kuukuu navyo vyafaa, avianike kwa vibanio, kila rangi na kamba yake. Vifuniko vya soda kwa umri huo sivishauri, huishia mdomoni.