Mwulize Mjomba: Mgeuzie Msuka

Barua nne mwezi huu, na zote za mambo ya panga. Mhariri analalamika kwamba safu hii ilikuwa ya maisha ya ughaibuni, sasa imegeuka karakana. Ajilaumu mwenyewe, ndiye aliyechapa picha yangu nimeshika upanga.

Shikamoo Mjomba. Nina miaka 24, naishi Leicester, kwetu Unguja. Tangu utotoni napenda habari za wapiganaji wa kale wa Ulaya. Nimeweka akiba pauni 250. Mtandaoni nimeona upanga mzuri sana wa pauni 65: una simba wa rangi ya dhahabu kwenye mpini, maandishi ubavuni, unang'aa kama kioo, uzito kilo 2.6. Nikinunua huo nitabaki na hela ya ngao. Nipe baraka zako. (S., Leicester)

Marahaba, mpwa wangu. Baraka sikupi, na hizo pauni 65 zirudishe mfukoni.

Upanga huo naujua. Wa kwangu ulikuwa na tai badala ya simba, ila mama yao mmoja. Nafanya zamu ya usiku kiwanda cha mikate hapa Leeds, na mwaka 2011 nilipopata bahashishi ya Krismasi nikauagiza. Ulikuja ndani ya boksi lenye mahameli nyekundu. Nikautundika, nikaukodolea macho wiki mbili. Wiki ya tatu, Jumapili asubuhi, nikatoka nao uani, nikapanga chupa za plastiki zilizojaa maji juu ya ndoo iliyopinduliwa. Chupa ya kwanza haikukatika, ilianguka tu. Ya pili nikasikia tak! Mkono ukawa mwepesi ghafla. Mpini ninao, upanga sinao. Bapa zima lilikuwa limeruka uzio na kwenda kujichomeka kwenye bustani ya jirani, katikati ya kabichi mbili. Mwenye kabichi alikuwa ametoka hapo dakika tano kabla kwenda kuchota maji. Mpaka leo nikikumbuka hizo dakika tano natokwa na jasho.

Nikauchungulia ule mpini. Ndani palikuwa na kijiti chembamba kama penseli, chenye hesi kama ya boliti, kilichounganishwa na bapa kwa weldingi ya tone mbili. Kilikatikia hapo hapo kwenye weldingi. Nikaona aibu, maana mimi ni mjukuu wa mhunzi. Babu mzaa mama alikuwa Mpare wa Ugweno, ukoo wa Washana, watu wa chuma tangu zamani. Mteja akija kununua jembe, babu hakuwa akimwonyesha makali. Alikuwa akimgeuzia msuka, ile sehemu inayozama kwenye mpini. "Makali utayanoa mwenyewe," alikuwa akisema, "msuka hutauongeza."

Sasa upanga wa Ulaya wa Zama za Kati ni chuma kimoja tangu nchani hadi nyuma ya kiganja chako. Msuka wake unapita kwenye ule msalaba unaokinga vidole, unapita ndani ya mti wa mpini, unatokeza nyuma ya kirungu cha mwisho, na hapo mhunzi anaugonga kwa nyundo mpaka uvimbe kama kichwa cha ribiti. Siku hizi wengine hufunga kwa nati. Si dhambi, mradi msuka ni mpana na ni mwili mmoja na bapa. Kwa hiyo ukimwandikia muuzaji, usimwulize simba ni wa shaba au wa nini. Mwambie akutumie picha ya msuka kabla mpini haujavishwa. Anayeuza kitu cha maana anayo. Asiyekuwa nayo ataanza kukusifia simba.

Kung'aa kama kioo nako ni dalili. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri kwa kijiko na kisu cha jikoni, lakini ukikivuta mpaka sentimita 80 kisha ukakigonga kwenye kitu, kinaweza kuvunjika pale ambapo chuma kizuri kingepinda na kurudi. Upanga wa kufaa ni wa chuma chenye kaboni. Wazee wa pwani walikuwa na neno lao kwa chuma bora cha upanga: feleji. Wauzaji wa leo huandika namba, kama 1060 au 1075. Tarakimu mbili za mwisho ni kaboni, yaani 1060 ina karibu asilimia 0.60. Ila namba ni unga tu, mkate ni oka. Chuma hicho lazima kipashwe moto mpaka kiwe chekundu, kizamishwe ghafla kwenye mafuta kigumuke, kisha kipashwe tena kwa moto mdogo kipunguze ukaidi. Hatua hiyo ya pili ikirukwa, umenunua kioo chenye makali.

Halafu kilo 2.6! Upanga wa mkono mmoja wa zama zile ulikuwa na kilo 1.1 mpaka 1.4 hivi, na ule mrefu wa mikono miwili mara nyingi haukuzidi 1.8. Pakiti ya unga wa sembe ya kilo mbili inaushinda. Huo wako ni mzito kwa sababu bapa lina unene uleule tangu kwenye mkono hadi nchani, kama rula. Za kweli zinapungua: unaweza kukuta milimita 5 au 6 karibu na mkono, 2 au 3 karibu na ncha. Ndiyo maana zinamtii mshikaji.

Kabla ya kununua chochote, panda treni uje Leeds. Royal Armouries, makumbusho ya silaha, ipo hapa ukingoni mwa maji tangu 1996, na kuingia ni bure. Ukiwa London nenda makumbusho ya Wallace Collection, Manchester Square, nako bure. Usiangalie vito. Piga magoti kando ya kabati la kioo uutazame upanga kwa ubavu, uone bapa linavyokonda. Mlinzi mmoja aliwahi kuniuliza kama nimedondosha lensi ya jicho.

Ukiwa huko utaona namba za Kirumi. Ni za Mwingereza Ewart Oakeshott (1916–2002), aliyezipanga panga hizi kwa umbo, Aina ya X mpaka ya XXII, na wauzaji makini hutumia mpangilio wake. Za mwanzo ni pana, zina mfuo, yaani kijitaro kirefu, katikati ya bapa, za kukata mtu aliyevaa deraya ya pete za chuma. Deraya ya mabamba ilipoenea, kukata hakukusaidia tena. Panga zikachongoka, ncha ikawa kama sindano ya kushonea magunia, ipenye kwenye viungo vya mabamba. Aina ya XV ni ya ukoo huo. Na huo mfuo, tafadhali, si mfereji wa damu. Unapunguza uzito bila kulilegeza bapa. Muuzaji akikwambia habari ya damu, aga uondoke.

Nawe una bahati, unaishi jirani na uwanja wa vita wa Bosworth. Mfalme Richard III aliuawa pale Agosti 1485, na mwaka 2012 mifupa yake ikafukuliwa chini ya maegesho ya magari hapo hapo mjini kwenu, fuvu likiwa na majeraha ya silaha. Ningekuwa wewe ningechagua upanga wa miaka ile, Aina ya XV au XVIII, mmoja tu, mpini wa ngozi, hauna mnyama yeyote. Kwa pauni 250 unapata wa heshima wa kuanzia, nyingi za bei hiyo hutoka Dehradun kule India au China. Za Maniago, Italia, na za kampuni ya Albion ya Wisconsin, Marekani, ziache mpaka ukiwa umeshika nyingine kumi. Ngao itasubiri.

Sheria za hapa Uingereza na Wales, kwa haraka: asiye na miaka 18 hauziwi, na kifurushi kikija utaombwa kitambulisho. Upanga mnyoofu kama huu unaruhusiwa. Uliopinda wenye bapa la sentimita 50 na zaidi umewekewa marufuku ya kuuzwa tangu 2008, ingawa kuna misamaha kama ya zilizofuliwa kwa mkono kwa njia za jadi. Ukisafiri nao, uwe umefungwa, buti la gari, na uwe na sababu ya kueleweka. Usipande nao basi ukampelekee rafiki auone.

Mjomba, mpwa wangu aliniletea upanga wa maonyesho kutoka Ujerumani. Mwezi haujaisha umeota madoadoa ya kahawia. Nyumba yangu iko Nyali, bahari naiona dirishani. Mama watoto anasema niupake mafuta ya nazi. (Baba wa wawili, Mombasa)

Mama watoto ana haki kwenye mchuzi, hapa hana. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanaganda, yanavuta vumbi, yanaacha utando. Tumia mafuta ya cherehani, yale ya chupa ndogo yenye mdomo mrefu. Matone manne kwenye kitambaa cha pamba, pangusa mpaka chuma kionekane kana kwamba hakijapakwa kitu. Kwa bahari ya dirishani, fanya hivyo kila wiki, na kila mara mgeni anapoushika, maana jasho la vidole lina chumvi kuliko upepo wa Nyali. Madoa yaliyopo yatoe kwa msasa laini, namba 800 au zaidi, wenye mafuta, ukienda upande mmoja kufuata urefu wa bapa. Ukizungusha zungusha utaacha mikwaruzo kama sufuria.

Na usiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi! Ngozi hunyonya unyevu, na dawa zilizotumika kuilainisha huila chuma. Ala itundike peke yake. Wengi hulijua hili wakiwa wamechelewa, wakiuvuta upanga unatoka na sauti ya mchanga.

Shikamoo Mjomba. Mume wangu anakusoma wewe ndiyo yamenifika haya. Ana panga mbili, kazitundika juu ya sofa kwa misumari. Mtoto wetu wa kiume ana miaka sita na keshaanza kupandia mkono wa sofa. Nikisema, naambiwa sithamini sanaa. (Mama K., Reading)

Marahaba, mama, na nisamehe kwa niliyoyaleta nyumbani kwako. Mpe mumeo gazeti asome mwenyewe: baba K., shusha hizo panga leo kabla ya chakula cha usiku.

Msumari kwenye ukuta wa plasta hauna ahadi. Panga mbili ni kilo mbili na nusu za chuma juu ya vichwa vya watu wanaotazama televisheni, na hata kama makali ni butu, ncha si butu. Mimi zangu nne ziko kwenye kabati la nguo lenye kufuli, chumba cha juu, na ufunguo nalala nao. Nikitaka kuzitazama nazitoa moja moja wakati wajukuu hawapo. Akitaka lazima zionekane, anunue kabati la kioo kigumu lenye kufuli, alifunge kwenye ukuta wa matofali kwa skrubu na plagi, mbali na chochote cha kupandia. Gharama itoke kwenye fungu la upanga wa tatu, ambao najua ameshauchagua, kwa sababu sote huwa tumeshauchagua.

Huyo mwanaume wa miaka sita naye asifichiwe tu panga. Mtengenezeeni wa mbao.

Ndugu Mjomba, asalaam alaykum. Babu yangu alirudi Muscat kutoka Unguja mwaka 1964 na upanga mnyoofu, mpini mrefu wa duara usio na kinga ya mkono, umefungwa ngozi nyeusi. Bapa jembamba, linatikisika. Juu yake pana alama ya mnyama anayekimbia na herufi za Kizungu. Je, ni wa kuigiza, wa Ulaya, au wa kwetu? Nataka kuung'arisha niutundike. (Bint Unguja, Muscat)

Wa alaykum salaam, dada yangu. Ningelitoa kabati langu lote kwa huo mmoja.

Kwa unavyoueleza ni kattara, upanga wa kwenu, uleule unaotikiswa na kurushwa juu kwenye razha, ile ngoma ya panga ya Omani. Herufi za Kizungu zisikutie shaka. Mabapa mengi ya panga za Omani yaliingia kwa biashara kutoka Ulaya, mengine Solingen, Ujerumani, kisha mafundi wa Omani wakayavisha mpini wao. Upanga unaweza kuwa na mama Mjerumani na baba Mwomani. Mnyama anayekimbia huenda ni mbwamwitu, alama iliyoanzia Passau na kutumika Solingen. Ila ilipendwa mno hata ikaigwa kwingi, kwa hiyo alama peke yake si cheti cha kuzaliwa. Wa kuutambua ni mtu atakayeushika: upeleke makumbusho ya hapo Muscat, na uandike jinsi babu alivyoupata, kwa majina na miaka, wakati wanaokumbuka bado wapo.

Kuung'arisha hapana. Ule weusi wa chuma ni umri wake, ukiutoa haurudi, na thamani inaondoka nao. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, mafuta kidogo ya cherehani, basi. Huyo wa Nyali hapo juu nimemruhusu msasa kwa sababu wake ni wa mwaka jana. Wewe sijakuruhusu.