Shangazi, farasi wa binti yangu amekufa na sijamwambia

*Shikamoo Shangazi. Tunaishi Kajjansi, barabara ya Entebbe. Binti yetu ana miaka 13. Alianza kupanda farasi Munyonyo akiwa mdogo, baadaye tukamnunulia jike wake mwenyewe, Zabibu, na kila likizo wanashindana kuruka viunzi. Wiki tatu zilizopita Zabibu alishikwa na tumbo usiku. Daktari wa mifugo alipambana naye hadi alfajiri, mwisho akasema utumbo umejisokota, nikakubali achomwe sindano ya kumpumzisha. Binti yuko bweni. Siku ya kutembelea watoto aliniuliza Zabibu hajambo, nikajibu hajambo. Shule zinafungwa baada ya siku 9, na sasa yuko kwenye mitihani. Mke wangu anataka tutafute farasi mwingine wa rangi ile ile kabla hajarudi. Kaka yangu anatucheka, eti tunamwekea matanga punda mrefu. Nifanyeje? – Baba K.*

Marahaba Baba K., na poleni sana nyumba nzima.

Hilo la rangi ile ile limenichekesha, kisha likaniuma. Mtoto aliyempiga farasi brashi miaka yote hiyo anajua kovu liko goti gani na sikio lipi linatangulia kusimama ndoo ya pumba ikigonga mlango. Mtamletea mgeni, atamkumbatia shingo, na kabla hajamwachia atakuwa ameshajua. Mwambie mama K. ninamwelewa. Anataka kumpunguzia mtoto maumivu. Lakini hapana.

Mimi nimekulia Kapchorwa, kule ambako gunia la mahindi hushuka mlima mgongoni kwa punda. Nikiwa na miaka 9 baba alituambia punda wetu ameuzwa Suam. Nilifurahi, nikajua amepata kazi upande wa Kenya. Miezi baadaye, nikitafuta jembe nyuma ya ghala, nikakuta kamba yake ya kichwani, manyoya ya kijivu yamenasa kwenye fundo, na hatua chache mbele udongo umetitia. Sikumwuliza baba. Sasa ni marehemu, na bado sijamwuliza.

Kwa hiyo utasema. Ningekuwa wewe ningengoja mtihani wa mwisho, nisingengoja zaidi ya hapo. Kamchukue wewe mwenyewe na mama yake, msimtume dereva. Msimwambie mbele ya wenzake, wala msingoje mpaka getini kwenu, maana akishuka tu atakimbilia bandani. Simamisha gari mahali penye kivuli, umwambie: Zabibu amekufa. Usiseme amelala, usiseme ametutoka. Halafu, kabla hajakukumbusha, umwombe radhi kwa lile "hajambo".

Atauliza kama aliumia. Jibu ndiyo. Farasi hawezi kutapika, kilichoingia tumboni hakina njia ya kurudi, na utumbo ukijisokota damu haipiti. Sindano za maumivu haziufungui, na bila upasuaji wa haraka kinachobaki ni mateso tu. Naona katika barua yako kama unajishtaki kwa kukubali ile sindano. Umeona mnyama wa kilo mia nne na zaidi anajitupa chini na kugaagaa, ukakubali yaishe. Mweleze hivyo hivyo. Miaka 13 anaelewa, na akikukasirikia, akukasirikie.

Sasa kuna mtu hukumtaja hata kwa neno moja: saisi wenu, mtunza farasi. Nani alikuwa akimtembeza Zabibu gizani usiku ule, ameshika kamba? Sidhani ni daktari peke yake. Yeye naye amefiwa, na huenda hakuna aliyempa pole. Mpe. Binti yako atataka kusikia ya usiku ule kutoka kwake kuliko kwako, usione wivu. Mwulize pia kama alikata singa za mkia kabla ya kuzika. Wengine hufanya hivyo bila kuagizwa, wakazihifadhi kimya. Na kama Zabibu alikuwa na mwenzake banda la pili, mwangalieni anavyokula. Farasi aliyeachwa peke yake anaweza kuita siku nzima na kususia majani.

Mashindano ya likizo hii ni juu yake. Akitaka kuazima farasi aruke, aruke. Akitaka kulala mpaka saa sita mchana, mwacheni. Farasi mpya, siku ikifika, amchague yeye, na ningefurahi akichagua wa rangi tofauti kabisa.

Kaka yako mpelekeni Ankole, asimame kwenye kraali la Muhima, mfugaji wa ng'ombe, amwambie kwamba bihogo wake, yule ng'ombe mwekundu aliyekolea anayeimbiwa sifa, ni nyama tu. Nampa dakika mbili kabla hajaanza kutafuta njia ya kutokea.

Tandiko la Zabibu liacheni linaponing'inia. Mama K. asilifute hata vumbi mpaka mtoto afike.