Mpemba si wa Pemba: kwa walimu wapya wa sayansi

Nyie mliopangiwa skuli za huku Pemba mwaka huu, nawaambia kama mkubwa wenu wa kazi tu, nishasimama mbele ya darasa la nne na la tano miaka mingi na nishakosea vya kutosha, kwa hiyo chukueni kinachowafaa.

Mwanzo nlikuwa nasomesha wavumbuzi kama orodha ya majina. Edison, balbu, 1879. Newton, tufaa na nguvu ya mvutano. Watoto wanaimba, mtihani wanapata, alafu siku moja nikauliza Edison alikuwa anahangaika na nini hasa, maana taa za umeme zilikuwepo kabla yake, tabu ilikuwa kupata uzi wa ndani ya balbu usioungua haraka. Darasa zima kimya. Na hilo tufaa ndo balaa, wao tufaa wanalolijua ni lile jekundu la huku, jepesi, hata likikuangukia hulisikii. (Tena Newton halikumpiga kichwani, aliliona likianguka tu, la kichwani watu wametia chumvi.)

Kilichonitoa ni kisa cha Erasto Mpemba, mwanafunzi wa skuli tu. Naanza na "Paukwa!" wao "Pakawa!" na hapo darasa lishakuwa langu. Nawaambia 1963, skuli ya Magamba kule Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu wenyewe, unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, ndo unatia frijini. Siku hiyo nafasi inaisha, mwenzake kaona Mpemba anachemsha akakimbilia kutia yake bila kuchemsha, Mpemba naye akaona nikisubiri yapoe nakosa trei, akatia ya moto vile vile liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu wakaja kufungua.

Hapo nakata. Nafunga mdomo kabisa.

Hii ndo nnayotaka mkae nayo, hadithi ikateni pale mtu alipokwama, msikimbilie kutoa jibu. Nauliza ya nani iliganda mwanzo, wanyooshe mikono, kila mtu aseme kwa nini, alafu waende wakalale nalo, kesho wanakuja wameshagombana na kaka zao. Ndo nawaambia ya moto iliganda mwanzo, na alipouliza mwalimu akaambiwa umechanganyikiwa, wenzake wakamcheka, mpaka alipofika Mkwawa Iringa akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo cha Dar alokuja kuwahutubia, wanafunzi wakacheka tena lakini yule akenda kujaribu kweli, na 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida. Watoto hapo wanapenda mno, kwa sababu kila mmoja keshachekwa darasani.

Sasa msiishie kwenye maneno. Mie nilichukua vikombe viwili vya maji, cha moto na cha baridi, tukaomba friza kwa mama mmoja jirani na skuli anauza malai. Cha baridi kikaganda mwanzo! Mmoja akasema "Mwalimu, Mpemba katudanganya." Nlitaka ardhi inimeze wallahi. Lakini nikawauliza tu, sie tumefanya nini ambacho yeye hakufanya? Mmoja akasema yeye katia maziwa sie maji, mwengine akasema kikombe cha moto tulikifunika, mwengine akasema yule mama kila saa anafungua friza anauza. Sijapata somo zuri kama lile mpaka leo, na lilitoka kwenye jaribio lililofeli. Na ukweli ni kwamba hata wataalamu bado wanabishana lini ya moto inaganda mwanzo na kwa nini, waambieni hivo hivo, msione haya.

Visa vya karibu vipo. Beit al Ajaib ya 1883, jengo la mwanzo Zanzibar kutiwa umeme. Mbung'o wa Unguja pia, wataalamu waliwafuga Tanga, madume yakapigwa mionzi yasizalishe, yakamwagwa kwa ndege msituni, jike likipandwa na dume lile halizai na kwa kawaida halitafuti dume jengine, 1997 Unguja ikatangazwa haina mbung'o. Ila kusomesha hiki darasa la nne ujipange, mie nlisema "wakaoana wakakosa watoto" nikapita haraka, na bado kuna mtoto aliuliza kwani hawakwenda spitali.

Na kuhusu jina, wataamini Mpemba ni wa Wete au Chake, waachieni siku mbili tatu wasikilize vizuri, alafu semeni kweli kuwa ni mtu wa bara. Watanuna. Na ukiazima friza ya mtu mnunulie malai darasa zima, vikombe vyetu vilimzuilia nafasi ya biashara yake siku nzima.